Gari limeshuka na matairi ya theluji: niyaache yaishe au niyatoe?

"Shikamoo fundi. Nimenunua Subaru Impreza ya 2013, cc 2000, rimu 17, imetoka Japani na nimeipokea bandarini Dar mwezi wa kwanza. Nakaa Mikanjuni hapa Tanga, kazi yangu iko Raskazone, na wikiendi nyingi naenda Korogwe kwa wazazi. Matairi iliyokuja nayo yana meno marefu kama mapya na ubavuni yameandikwa STUDLESS. Rafiki yangu anasema ni ya theluji, kwa joto letu yatapasuka. Muuza matairi mmoja Ngamiani kaniambia nisithubutu kuyatoa, ni orijino ya Japani, mpira laini, unashika lami kuliko haya ya dukani. Mvua ya kwanza ya mwezi wa tatu nilishika breki nikiingia kwenye mzunguko, gari likaserereka, nikamkosa kidogo mzee wa baiskeli. Nilikuwa kwenye 40 tu! Gari ni AWD, yaani inavuta kwa magurudumu yote manne, na ina ABS, zile breki zisizojifunga, sasa sielewi. Niyaache yaishe, nibadilishe mawili ya mbele, au niweke mapana zaidi ya kimichezo, maana gari yenyewe ni ya kukimbia kidogo? Hela ipo lakini si ya kuchezea."

Marahaba, mdogo wangu. Afadhali yule mzee kaenda zake salama. Tanga bila baiskeli si Tanga, na kila mwendesha baiskeli unayemkuta anaamini kwamba ukikanyaga breki gari litasimama. Nikupe jibu kwanza, halafu tukae tuelezane: yatoe, na yatoe yote manne. Sikwambii hivyo kwa sababu yatapasuka kesho asubuhi, maana hapo rafiki yako katia chumvi. Nakwambia kwa sababu ya hicho kilichokukuta kwenye mzunguko.

Najua kinachokuuma ni kutoa kitu kinachoonekana kipya. Watu wengi huendesha matairi haya mwaka mzima kwa sababu hiyo hiyo, wanaona dhambi. Kwa hiyo tuanze na swali la kwa nini yanaonekana mapya.

Kule Japani, hasa Hokkaido na mikoa ya kaskazini inayoangukiwa na theluji nyingi, mwenye gari huwa na seti mbili za matairi. Baridi ikikaribia, Novemba au Desemba, anafunga ya theluji. Machi au Aprili anayatoa, anayaweka stoo, anarudisha ya kawaida. Tairi likitumika miezi minne mitano kwa mwaka, meno hayaishi haraka, lakini mpira unazeeka vilevile ukiwa stoo. Siku gari linapouzwa, aidha limeuzwa katikati ya baridi likiwa na matairi hayo, au mwenyewe kabaki na seti nzuri akalisindikiza na hii. Likapanda meli, likaja kwako. Ndivyo unavyokuta meno marefu kwenye mpira mzee.

Jioni ya leo chuchumaa ubavuni mwa gari na tochi ya simu. Tafuta mstari wa herufi na namba, mwisho wake kuna namba nne ndani ya kiduara kilichorefuka kama yai. Ukisoma 3815, tairi limetengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2015. Kama huioni upande wa nje, iko upande wa ndani, itabidi uingie chini au ukate usukani wote upande mmoja. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lililotimiza miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika 10 litolewe hata kama meno yapo. Mimi sijaona tairi la theluji lililokuja na gari la umri wa lako likawa changa. Labda wewe una bahati, angalia.

Hilo neno STUDLESS nalo linawachanganya wengi, wapo wanaodhani ni jina la kampuni. Maana yake ni tairi lisilo na misumari. Zamani Wajapani walifunga matairi yenye vichwa vya misumari ya chuma ili yang'ate barafu. Yaling'ata kweli, lakini barafu ikiyeyuka yanakwangua lami, na vumbi la lami likawa kero kubwa katika miji kama Sendai na Sapporo, watu wanaivuta hewa hiyo vifuani. Mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuyazuia. Wakati huo kampuni zilikuwa zimeshaanza kutafuta mpira utakaoshika barafu bila chuma. Blizzak ya Bridgestone, ambayo ndiyo tunaiona sana kwenye magari yanayoshuka hapa, ilitoka 1988. Kwa hiyo muuzaji wako wa Ngamiani hakudanganya aliposema ni kitu cha Kijapani cha kitaalamu. Ila ufundi wote ule uliwekwa kwa ajili ya barafu, na barafu ya Tanga inaishia kwenye glasi ya juisi ya ukwaju.

Sasa ulaini. Hapa ndipo penye kiini, nivumilie kidogo.

Chukua chupa ya mafuta ya nazi. Hapa mjini ni maji matupu, unamimina tu. Ipeleke Lushoto mwezi wa saba, ukiamka asubuhi unayakuta yameganda meupe, unayachota kwa kijiko. Mafuta ni yaleyale, kilichobadilika ni joto. Mpira wa tairi nao una tabia hiyo. Tairi la kawaida likikaribia nyuzi sifuri linakakamaa, linakuwa kama plastiki ya ndoo, halitaki tena kujikunja na kuingia kwenye vinyweleo vya barabara. Inasemwa kwamba kuanzia nyuzi 7 kushuka chini ndipo tairi la baridi linaanza kulishinda la kawaida. Wanachofanya watengenezaji ni kuchanganya mpira ambao hata kwenye baridi ya kuganda bado ni mlaini. Wengine wanautia vishimo vidogo mno, huvioni kwa macho, vinavyofyonza utando wa maji juu ya barafu. Kisha kila jino wanalichanja michanjo myembamba ya kupinda pinda, maelfu kwa tairi moja. Ipenyeze kadi ya simu pale, inaingia. Michanjo hiyo hufunguka na kung'ata.

Mpira uliopikwa ubaki mlaini chini ya sifuri, wewe unautembeza Tanga, ambako usiku wa baridi kabisa wa Julai ni nyuzi 20 hivi, na lami ya saa nane mchana mwezi wa pili huwezi kuikanyaga pekupeku. Hata Lushoto hiyohiyo, watu wakiota moto na kujifunga mashuka, mchana haifiki huko kwenye nyuzi 7. Mpira wako unakuwa mlaini kupita kiasi. Jino refu, limechanjwa michanjo, laini: ukishika breki halisimami wima, linalala. Ukikata kona, usukani umeshageuka lakini gari linasubiri meno yajikunje kwanza ndipo liitikie. Kwenye gari la kimichezo utaligundua hili mapema kuliko mwenye gari la familia, kwa sababu mikono yako inategemea gari lijibu papo hapo. Wateja huniambia "gari linaogelea". Wanapeleka kubadilisha shokapu, bushi, wanamaliza hela, na ugonjwa uko kwenye matairi.

Niliwahi kufungua matairi ya namna hii yaliyotembea Tanga kama miezi minane. Nikapitisha kiganja juu ya meno kwenda mbele, laini. Nikarudisha nyuma, yakanikwaruza. Kila jino ukingo wake ulikuwa umesagika upande mmoja na umetoa nyuzi nyuzi kama pembe ya mkeka uliochakaa. Na yale yaliyobaki ya urefu yalikuwa bado marefu, mwenyewe anashangaa kwa nini namwambia yatoke. Jaribu wewe kupitisha kiganja hivyo hivyo kwenye ya mbele.

Utaniambia: mbona matairi ya magari ya mashindano ni laini na yanashika? Ni swali la haki, na naona muuzaji wako ndiko alikoegemea. Ule mpira wa mashindano hupikwa ili ufanye kazi ukiwa wa moto, na uso wake ni kipande kizima kisichochanjwa, hauna jino la kulala. Neno ni lile lile, "laini", lakini ni laini katika joto jingine na kwa umbo jingine. Isitoshe, tairi la theluji lililozeeka linaanza kukauka na kuwa gumu. Hapo limepoteza hata ule ulaini wake wa barafu, na kwa mvua halikuwa hodari tangu lilipozaliwa.

Tuje kwenye mvua, maana ndiyo iliyokuleta kwangu. Umeona meno marefu ukadhani maji yatapata pa kupita. Angalia vizuri: urefu wa jino ni jambo moja, upana wa mfereji ni jingine. Juu ya barafu adui ni utando mwembamba wa maji, kwa hiyo tairi la theluji la Kijapani limejaza mpira mwingi unaogusa chini na michanjo myembamba ya kufyonza. Masika yetu hayaleti utando, yanaleta maji ya kupiga teke. Tufanye hesabu. Tairi la Impreza yako ya rimu 17 lina upana wa milimita 205. Ukiwa kwenye 80 pale unapoitafuta Muheza, maji ya kina cha milimita 3 tu juu ya lami, tairi moja la mbele linatakiwa kusukuma pembeni karibu lita 14 kila sekunde. Yaani dumu la lita 20 linaisha kabla hujamaliza kusema bismillahi. Yanahitaji mifereji mipana inayoyasukuma nje, na michanjo ya wembe haiwezi kazi hiyo. Yakishindwa kutoka, tairi linapanda juu ya maji, usukani unakuwa mwepesi ghafla kama umekatika, na hapo hakuna dereva hodari.

Ila niwe mkweli kwako: kwenye 40 gari lako halikuelea. Mwendo ule ni mdogo kwa kuelea. Kilichotokea ni mchanganyiko. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi hukuta lami ina vumbi, oili na mabaki ya mpira ya miezi kadhaa, vinachanganyika vinakuwa kama sabuni, na karibu na mzunguko ndipo magari hudondosha zaidi kwa sababu hapo ndipo yanaposimama. Ongeza meno yanayolala. Gari la mwendo wa 40 kwenye lami yenye maji, likiwa na matairi yanayoshika vizuri, husimama ndani ya mita 9 hivi tangu breki ziume. Poteza theluthi moja ya mshiko, mita 9 zinakuwa 13 na nusu. Mita 4 na nusu zilizozidi ni karibu urefu wa Impreza yako nzima, bampa ya mbele mpaka ya nyuma. Yule mzee alikuwa ndani ya urefu huo.

Kuhusu AWD na ABS, usivikasirikie, ila vimesifiwa kwa kazi isiyo yao. AWD inagawa nguvu ya injini kwa magurudumu manne, inakusaidia kuondoka na kutoka kwenye tope. Kwenye kusimama kila gari lina breki nne, hata linalovutwa na magurudumu ya mbele tupu. ABS kazi yake ni kuzuia magurudumu yasijifunge ili bado uweze kukata usukani ukwepe. Bila shaka ulihisi pedali ikitetemeka mguuni. Hiyo ilikuwa ABS inakwambia kwamba mshiko umekwisha. Mshiko wenyewe unatoka mahali pamoja tu, pale tairi linapogusa lami, na hapo ni eneo la kiganja cha mkono wako kwa kila tairi.

Na la kupasuka? Tairi hupasuka kwa upepo mdogo, mzigo mkubwa, mwendo mrefu wa kasi, uzee, au vyote vikikutana. Joto letu linachochea. Matairi haya ya theluji mengi yameandikwa Q mwishoni mwa vipimo, kwa mfano 205/50R17 89Q. Ile 205 ni upana, 50 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, 17 ni rimu, na 89 ni uzito, kilo 580 kwa tairi. Q ni mwendo wa mwisho, kilomita 160 kwa saa. Matairi ya kawaida ya saizi hiyo utayakuta na V, yaani 240, au W, yaani 270. Sikupi namba hizo ili uzijaribu barabara ya Segera. Nakuonesha kwamba hili halikujengwa kwa joto la mwendo. Lakini ukiwa mjini na upepo sahihi, la kukusumbua kwanza ni kuteleza, kupasuka kunakuja nyuma sana.

Basi tufanye nini na hela isiyo ya kuchezea.

Mawili ya mbele tu, hapana. Kwa gari lolote ningekuonya kwamba ukiweka mshiko mbele na utelezi nyuma, siku ya mvua kiuno cha gari ndicho kitakachokupita kwenye kona. Kwa Subaru yako kuna la pili. Mfumo wa AWD unataka matairi yote manne yawe na mzingo unaolingana. Ya mbele mapya na ya nyuma tofauti yanazunguka kwa idadi isiyolingana, na klachi inayounganisha mbele na nyuma ndani ya giaboksi inabeba tofauti hiyo kutwa nzima, inachemka. Utaokoa hela ya matairi mawili uje uilipe kwa fundi giaboksi, na huyo hajui huruma. Nunua manne, aina moja, siku moja.

Mapana zaidi? Saizi ya 225/45R17 inakaa kwenye rimu yako, na kimo chake kinatofautiana na cha sasa kwa milimita mbili tatu tu, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Faida yake ya kweli ni kwamba ni saizi inayopatikana kirahisi madukani kuliko 205/50R17, na kwenye kona kavu gari linatulia zaidi. Hasara yake ni kwenye maji: upana ukiongezeka kwa karibu asilimia 10, maji ya kusukuma yanaongezeka vivyo hivyo, na uzito wa gari umetandazwa zaidi. Kwa mtu anayekaa Mikanjuni na kufanya kazi Raskazone sioni faida ya hapo. Ukiikosa kabisa 205, chukua 225 kwa amani. Usiitafute kwa sifa.

Mimi ningekuwa wewe ningewaza kinyume: kushuka rimu 16. Impreza hiyohiyo ilitoka pia na 205/55R16, kimo kinalingana, na ubavu wa tairi unaongezeka sentimita moja ya mpira kati ya rimu na shimo. Sentimita moja inaonekana ndogo mpaka upige shimo lililojificha chini ya maji. Matairi ya 16 mara nyingi ni nafuu pia. Lakini utahitaji rimu, na gari litapoteza ule mwonekano. Najua ulilipendea nini, kwa hiyo sikulazimishi. Fahamu tu kwamba ukibaki na 17, mashimo ni ya kukwepa.

Sasa mapya au mtumba. Matairi ya mtumba si haramu, nimeyafunga mengi. Tatizo ni kwamba kwenye rundo la mtumba, yale yenye meno marefu kuliko yote mara nyingi ni haya haya uliyo nayo. Utalipa kuyatoa, ulipe tena kuyarudisha. Ukienda huko tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati, au neno STUDLESS, au michanjo ya kupinda kila jino. Ukiona kimojawapo, rudisha kwenye rundo. Alama ya M+S peke yake isikutishe, magari mengi ya juu yanayopita hapa yamevaa matairi hayo na hayana neno, maana yake ni tope na theluji kwa ujumla, si ule mpira wa barafu. Kisha soma zile namba nne, ingiza mkono ndani ya tairi upapase kama kuna kiraka ubavuni. Lenye kiraka ubavuni usilichukue hata bure.

Kama mfuko unaruhusu, mapya. Nami nakwambia bila kusita: tairi jipya la bei ya kati, la kampuni usiyoisikia sana, litakusimamisha kwenye mvua ya Tanga mapema kuliko la theluji la jina kubwa lenye miaka tisa. Dukani usibabaishwe na nakshi za kutisha. Tazama mifereji mitatu au minne mipana inayozunguka tairi lote. Tazama uzito, 89 au zaidi. Kwenye ubavu wa matairi mengi kuna maneno TRACTION na TEMPERATURE yakifuatiwa na herufi. La kwanza linahusu kusimama kwenye lami yenye maji, tafuta A au AA. La pili linahusu kustahimili joto, tafuta A. Namba iliyo karibu na TREADWEAR inakwambia litadumu kiasi gani, na wauzaji wataisifia hiyo. Dereva wa teksi nitamwambia aijali. Wewe jali yale mawili, na uangalie tarehe, hata dukani kuna tairi lililokaa rafu miaka mitatu likiuzwa kama la jana.

Ukishafunga, balansi yote manne na upime alaimenti, hasa kama ya mbele umeyakuta yamelika upande. Nati zikazwe kwa kuruka kimsalaba, si kwa kufuata duara, na baada ya siku mbili tatu urudi zikaguliwe tena. Upepo usiachie fundi akukisie. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna karatasi iliyobandikwa. Magari ya Japani huandika kwa kPa, gawa kwa 7 upate PSI, kipimo cha pampu zetu, kwa makadirio: 230 ni kama 33. Kuna kasumba hapa mjini ya kujaza 40 "ili gari liwe jepesi". Linakuwa jepesi kweli, linagusa lami kwa katikati ya tairi tu. Pima asubuhi kabla hujaondoka, kwa sababu tairi likipata moto namba inapanda, na ukipunguza hapo, kesho yake utakuwa na upepo pungufu. Halafu kilomita mia tatu za mwanzo nenda taratibu, tairi jipya lina utelezi wa kiwandani mpaka usagike.

Mpaka siku ya kununua, na hii mvua haijaisha, tembea hivi: mjini usizidi 40 lami ikiwa imelowa, acha nafasi mara mbili ya uliyozoea, kanyaga breki mapema na ukiwa umenyoosha usukani, ndipo ukate. Korogwe wasalimie kwa simu wiki hizi mbili. Wazazi wataelewa.

Kuna jambo hukuniuliza, na kwangu ni zito kuliko matairi. Gari lililovaa STUDLESS yaelekea limeishi kwenye theluji, na barabara za theluji Japani humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hurukia chini ya gari miaka na miaka. Sasa umelileta Raskazone, upepo wa bahari unamalizia. Kabla hujatoa hela ya matairi, lipeleke kwenye gereji yenye shimo au jeki ya kupandisha, uingie chini wewe mwenyewe na fundi. Angalia mabomba ya breki, mikono ya magurudumu ya nyuma, na fremu inayobeba injini. Kutu ya juu juu ya rangi ya kahawia ni kawaida, inasuguliwa na kupakwa dawa. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya bati na maganda yanadondoka. Bomba la breki likiwa limevimba kutu, gari lisiondoke pale mpaka libadilishwe, hata kama umechelewa kazini.

Vilevile usinisubiri mimi niandike tena kama utaona uvimbe kama jipu kwenye ubavu wa tairi, nyufa ambazo kucha inaingia, usukani unaotetemeka kuanzia 80, taa ya ABS inayobaki imewaka, au gari linalovuta upande mmoja ukishika breki. Hayo hayatibiwi kwa maandishi, yanataka mtu aliyeshika gurudumu mkononi.

Ya zamani utayafanyaje? Umeniambia hela si ya kuchezea, na najua atatokea wa kuyataka kwa ajili ya gari lake, akivutiwa na meno kama ulivyovutiwa wewe. Ukimuuzia, mwambie ni ya nini. Wenye mikokoteni wanayataka, na mafundi wa katambuga watayapokea kwa mikono miwili. Na ukiwa pale gereji fungua buti uone kama ulipewa spea au chupa ya gundi ya kuzibia pancha tu, kwa sababu magari mengi ya Japani huja na gundi, na ya 2013 itakuwa imeshapita muda wake.